Bukavu: Kijana aliyeangusha mfalme mbele ya simu

BUKAVU – Kila siku ya posho, kuanzia saa tisa za mchana, ubao wa sataranji unawekwa juu ya meza ndogo kwenye baraza la nyumba moja ya mbao, katika komini ya Kadutu. Ni kipande cha triplai kilichopakwa rangi kwa mkono. Mnara mmoja mweusi ulipotea miaka mingi iliyopita. Kifuniko cha chupa ndicho kinachosimama mahali pake, na hakuna anayekicheka tena. Mwenye nyumba alifundisha hesabu katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa amestaafu. Jina lake halitajwi sana. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Prof.

Mchezo huu, ambao wakaaji wengi wa Bukavu wanaujua kwa jina la Kifaransa, esheki, hauna wachezaji wengi kama dama inayochezwa kwa vifuniko pembeni ya maduka. Hata hivyo, vijana sita ao saba hawakosi kwa Prof. Wanacheza kwa zamu, anayeshindwa anasimama, anayeshinda anabaki. Kwa muda mrefu aliyekuwa anabaki ni mmoja: mpwa wa Prof, mtoto wa dada yake, mwenye umri wa miaka 15.

Kisha kiti chake kikabaki wazi. Siku ya posho ya kwanza watu walisema ni malaria. Ya pili walisema labda mama yake amemtuma sokoni. Ya tatu, mama mwenyewe alifika akiwa na mwavuli mkononi, hakutaka hata kukaa.

« Kaka, ongea na huyu mtoto, » alisema. « Anataka kutoka katika seksyon ya sayansi aende komersiale. Nikimuuliza sababu, anasema akili yake haitoshi. »

« Alipata pointi mbaya? »

« Hapana. Ni ile telefone. »

Simu yenyewe ni ya zamani, kioo kimepasuka kwenye pembe. Kijana aliachiwa na kaka yake mkubwa aliyenunua nyingine. Ndani yake kuna programu ya sataranji inayoitwa Stockfish. Ni ya bure, na ikisha kuwekwa haihitaji megabaiti za intaneti. Kwa mtoto wa Kadutu anayependa mchezo huu, hiyo ni zawadi kubwa: mpinzani asiyechoka, asiyeomba soda, anayepatikana hata usiku wa manane. Kwa wiki sita kijana alicheza nayo karibu kila usiku. Alishindwa kila mara.

Prof alikwenda kumuona nyumbani. Kijana alimpokea kwa heshima, akamletea kiti, akabaki amesimama.

« Mujomba, mimi nimeacha. Ile kitu inajua yote. »

« Nani alikuambia inajua yote? »

« Nimecheza nayo mara 41. Hata moja sikushinda. Hata sare. »

Prof hakubishana naye. Aliomba tu daftari, kwa maana tangu siku ya kwanza ya kuwafundisha vijana, alikuwa amewazoeza kuandika kila mchezo, hatua kwa hatua. Kijana alikuwa ameiandika yote 41, kwa mwandiko safi. Prof alilibeba daftari chini ya koti lake, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.

Daftari linasema nini

Ilimchukua Prof usiku nne kulisoma lote, mbele ya ubao, kwa mwanga wa tochi kila mara umeme ulipokatika. Kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa makosa ya kijana. Ni namna michezo ilivyokwisha. Kati ya michezo 41, ni 9 tu ambayo mfalme alifungwa kweli ubaoni. Michezo 32 kijana aliiacha mwenyewe. Aliangusha mfalme, kama wachezaji wanavyosema, yaani alikubali kushindwa kabla ya mwisho.

Katika mchezo mmoja, vipande vilikuwa sawa pande zote mbili. Prof aliukazia macho mpaka karibu saa sita za usiku, asione ni wapi kijana alikuwa amepoteza. Siku iliyofuata alimuuliza.

« Hapa uliacha juu ya nini? »

« Ile namba, mujomba. Iliandika kasoro tatu. »

Ndipo Prof alipofahamu. Programu hizi, zikiachwa hivyo, zinaonyesha pembeni mwa ubao namba ya hukumu yao. Sifuri maana yake pande zote ziko sawa. Moja ni kama faida ya pioni moja. Tatu ni nyingi, ni karibu sawa na kupoteza farasi bure. Kijana hakuwa tena anatazama ubao. Alikuwa anatazama namba, na namba ikishuka, naye anaanguka pamoja nayo.

« Ile namba ni ya kweli, » Prof alimwambia. « Lakini ni ya kweli kwake yeye. Maana yake: mimi Stockfish, nikiendelea kuucheza mchezo huu kwa mkono wangu, nitakushinda. Haisemi kwamba mtu yeyote akikaa kwenye kiti changu atakushinda. Na wewe ulikuwa unaisoma kama matokeo ya egzamini. »

Habari ya mwaka 1997

Prof anapenda kusimulia kwamba yeye mwenyewe alijua habari za mashine hizi kwa njia ya redio, na katika wiki ambayo hakuna mtu Bukavu aliyekuwa na nafasi ya kuzisikiliza. Ilikuwa mwezi wa tano 1997. Mji ulikuwa mikononi mwa AFDL tangu mwezi wa kumi 1996. Kisangani ilikuwa imeanguka, Lubumbashi imeanguka, na kila mwenye redio alitega sikio asikie vita vimefika wapi karibu na Kinshasa. Katikati ya habari hizo ikapita nyingine, fupi sana: huko New York, tarehe 11, kompyuta imemshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov. Siku sita baadaye, tarehe 17, AFDL iliingia Kinshasa, na habari ya kompyuta ikasahauliwa. Mwalimu mmoja kijana wa hesabu hakuisahau.

Kompyuta hiyo iliitwa Deep Blue, kazi ya kampuni IBM ya Marekani. Ilikuwa makabati mawili marefu yenye vidude 480 vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Iliweza kupima hali za ubao zipatazo milioni 200 kwa sekunde moja. Mwaka mmoja kabla, 1996, huko Philadelphia, Kasparov alikuwa ameishinda 4 kwa 2. Katika mashindano ya 1997 alipoteza 3½ kwa 2½.

Lakini Prof hapendi kuanzia kwenye matokeo. Anapenda kuanzia kwenye michezo miwili ya kwanza.

Mchezo wa kwanza Kasparov alishinda. Karibu na mwisho, kwenye hatua ya 44, Deep Blue ilisogeza mnara mahali ambapo hakuna aliyeelewa. Upande wa Kasparov walijiuliza mashine imeona nini mbali hivyo mpaka ikachagua hatua ya namna ile. Miaka mingi baadaye, mmoja wa watengenezaji wake, Murray Campbell, alieleza kwamba haikuwa imeona kitu. Lilikuwa kosa ndani ya programu: ilishindwa kuchagua, ikachukua hatua kwa bahati nasibu.

Mchezo wa pili Kasparov alibanwa tangu mapema. Kwenye hatua ya 45 alikubali kushindwa, akaondoka. Haukupita muda mrefu wachambuzi wakaonyesha kwamba ilikuwapo njia ya kuendelea kupambana: kuingiza malkia na kumtishia mfalme wa mashine tena na tena, kwa kutafuta sare. Bingwa wa dunia hakuijaribu. Aliamini kwamba mashine, kwa kuwa imemwacha afike pale, lazima ilikuwa imekwisha kuiona na kuifunga njia hiyo. Michezo mitatu iliyofuata ilikuwa sare. Ya sita alipoteza kwa hatua 19 tu.

« Unaona? » Prof alimwambia mpwa wake. « Hata yeye aliangusha mfalme mapema. Na yeye hakuwa na namba pembeni ya ubao. Alijiandikia namba mwenyewe ndani ya kichwa. »

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo Prof anasema lilimfurahisha kuliko yote: « Lakini mujomba, kwa nini usiku mmoja mashine inacheza kama mjinga, na usiku unaofuata kama mwenye hekima? »

Sehemu ya jibu ni kwamba sheria za mashindano yale ziliwaruhusu wahandisi kurekebisha programu kati ya mchezo na mchezo. Ubao ulikuwa ule ule, makabati yale yale. Lakini nyuma yake walikuwapo watu, na kati yao mchezaji stadi, Joel Benjamin wa Marekani, wakipunguza hapa na kuongeza pale. Mashine haikujitengeneza usiku. Ilitengenezwa.

Kufungua mipangilio

Siku ya posho iliyofuata, baada ya wengine kwenda nyumbani, wawili hao waliketi na simu katikati yao. Prof aliomba waingie katika sehemu ambayo kijana hakuwahi kuifungua: mipangilio.

Cha kwanza ni muda. Programu inaweza kuambiwa ifikiri sekunde moja kwa hatua, ao dakika moja, ao saa nzima. Ikipewa muda zaidi inaona mbali zaidi, ingawa kila ukiongeza muda mara mbili, faida inayopatikana inazidi kupungua.

Cha pili ni idadi ya wafanyakazi. Kichwa cha simu kimegawanyika katika vichwa vidogo, na katika simu ile vilikuwa vinne. Programu inaweza kutumikisha kimoja ao vyote. Prof alifananisha na wabeba mchanga kwenye kiwanja cha ujenzi: wanne wanamaliza kazi mapema kuliko mmoja, lakini si mara nne kamili, kwa sababu wanapishana na kungojana njiani. Simu ya kijana ilikuwa imewekwa kwenye vinne. Ndiyo sababu ilikuwa inachoma mkono, na betri inakwisha kabla ya saa mbili. Mama yake alikuwa analipa franka karibu kila siku kwenye chumba cha kuchaji simu, kijana asijue kwamba yeye ndiye aliyewasha majiko yote manne kupika chai ya kikombe kimoja.

Cha tatu ni kumbukumbu. Programu inahifadhi hali za ubao ilizokwisha kupima, ili ikizikuta tena isirudie kazi. Ni kama daftari la madeni la mwenye duka. Stockfish kwa kawaida inaanza na megabaiti 16. Ukiipa ndogo mno, inafuta kurasa za zamani ili kuandika mpya, halafu inarudia hesabu ile ile.

Cha nne ni ngazi, kuanzia 0 mpaka 20. Katika simu ya kijana ilikuwa 20, mwisho kabisa.

« Nani aliweka 20? » Prof aliuliza.

« Hakuna. Nilikuta vile. »

« Basi kwa wiki sita umepigana na mtu ambaye hukumchagua, kwa masharti ambayo hukuyasoma. »

Prof anaongeza mfano mmoja kwa wale wanaodhani nguvu ni mbio peke yake. Mwaka 2009, huko Buenos Aires nchini Argentina, simu ya mkononi yenye programu ya Pocket Fritz 4 iliingizwa katika mashindano ya watu. Ilipata pointi 9½ kwa 10. Ilikuwa inapima hali zisizofika 20 000 kwa sekunde, ukilinganisha na milioni 200 za Deep Blue. Haikuwa na mbio. Ilijua tu ni njia gani hazifai kupotezea muda.

Dharau iliyoandikwa kwa namba

Katika toleo la zamani la Stockfish lililokuwa ndani ya simu ile, kulikuwa na mpangilio mwingine ambao jina lake la Kiingereza maana yake ni dharau. Kijana alipoambiwa hivyo alishtuka.

« Kumbe inanidharau? »

« Hapana, mwanangu. Ni namba. »

Kazi ya namba hiyo ni kuiambia programu iione sare kuwa mbaya kidogo, ama si mbaya. Ikiongezwa, programu inakataa sare, inaweka vipande vingi ubaoni, inakubali hatari, kwa kudhani kwamba aliye mbele yake ni dhaifu na atakosea tu. Ikishushwa chini ya sifuri, inaanza kutafuta sare kama mtu anayemuogopa mpinzani wake. Programu moja, simu moja, namba moja inabadilika, na tabia yote inaonekana nyingine. Matoleo ya karibuni ya Stockfish yameuondoa mpangilio huo.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Katika Chessmaster, programu iliyouzwa sana katika miaka ya 1990 na 2000, mtumiaji aliweza kujitengenezea mchezaji mzima: apende kushambulia ao kujilinda, ampende farasi kuliko mnara, akose utulivu ama awe mvumilivu. Watu walikaa mbele ya kompyuta wakisema « huyu ni mkali » ao « huyu ni mwoga », na huyu alikuwa safu ya namba zilizoandikwa na mtu.

Kwa jambo hili Prof ana kurasa alizochapisha kwenye sekretariati karibu na soko, akazibana kwa pini. Zinaeleza habari ya mwezi wa kumi na mbili 2017. Kampuni DeepMind ya London ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero imecheza michezo 100 na Stockfish 8: imeshinda 28, sare 72, haikupoteza hata mmoja. Kilichowashangaza watu ni namna ilivyojifunza. Ilipewa sheria za mchezo tu, ikacheza na nafsi yake kwa masaa machache. Na ilipima hali 80 000 tu kwa sekunde, wakati Stockfish ilipima milioni 70.

Hata staili yake ilikuwa nyingine. Ilitoa pioni, mara nyingine hata farasi, bila kulipwa mara moja. Ilichopata ni nafasi: vipande vyake vinapumua, vya adui vimebanwa kwenye pembe. Ilisukuma pioni ya pembeni taratibu kuelekea kwa mfalme wa adui, kama mtu anayesukuma mlango usiku. Wachezaji wakubwa waliitazama kwa furaha, kwa sababu ilifanana na watu wa zamani waliopenda kushambulia.

Lakini hawakunyamaza kuhusu mipangilio. Tord Romstad wa Norwe, mmoja wa walioianzisha Stockfish, alilalamika wazi. Stockfish ilikuwa imepewa wafanyakazi 64, lakini kumbukumbu ya gigabaiti moja tu. Ni kama mafundi 64 wanaoandika katika daftari moja dogo, kila mmoja anafuta ya mwenzake. Tena ililazimishwa kufikiri dakika moja kwa kila hatua, hata iliyo nyepesi, wakati ilikuwa imetengenezwa ijue yenyewe wapi pa kutumia muda na wapi pa kuuhifadhi.

DeepMind ilirudia. Mwaka 2018 ilitoa matokeo ya michezo 1 000: masaa matatu kwa kila upande na sekunde 15 za nyongeza kwa hatua, Stockfish ikiwa na vichwa 44 na kumbukumbu ya gigabaiti 32. AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, iliyobaki sare. Mshindi ni yule yule. Lakini aliyekuwa anasemwa kuwa hashindiki alikuwa sasa ameshindwa mara sita, na watu waliweza kuzisoma hizo sita na kujifunza. Mwaka 2020 Stockfish nayo ilianza kutumia hukumu ya namna hiyo, iliyofunzwa kwa mifano, ikazidi kuwa na nguvu.

« Mimi sisemi mashine haiko na nguvu, » Prof anasisitiza, akionyesha kurasa zake. « Iko na nguvu. Nasema: kabla ya kuamini namba, uliza ilipimwa namna gani. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na somo lote ni hilo. »

Ngazi ya sita

Walikubaliana kupanga upya. Mfanyakazi mmoja. Sekunde tano kwa hatua. Ngazi ya 6. Na namba ya hukumu ifichwe. Jioni ile betri ilidumu mpaka usiku, na katika mchezo wa tatu kijana alishinda. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Prof alimpongeza, kisha akaufungua mchezo ule na kumuonyesha jambo. Kwa hatua 20 simu ilikuwa imecheza vizuri sana, halafu kwa ghafla ikamwacha malkia bure, tena bila sababu. Hivyo ndivyo ngazi za chini zinavyotengenezwa. Programu haisahau inachojua. Inatafuta hatua kadhaa nzuri, halafu inalazimishwa mara moja moja kuchagua iliyo mbaya, kwa bahati. Mtu dhaifu hakosei hivyo. Mtu anakosea kwa sababu ana haraka, ana tamaa, ao hakuona upande wa kushoto.

« Basi sikuishinda, » kijana alisema, uso ukianza kushuka tena.

« Umeishinda. Lakini ujue umeshinda nini. Ngojea ikosee na uione ilipokosea, hilo ni zoezi zuri. Kumfahamu mtu utajifunza hapa kwenye baraza. »

Kwa sababu hiyo kijana alirudi siku za posho. Wenzake hawakumuuliza alikuwa wapi. Walimwambia tu asimame nyuma ya mstari kama wengine.

Simu ilipozimika

Wiki mbili zilizopita mvua kubwa ilinyesha Bukavu, na umeme ukakosekana tangu asubuhi. Vijana wengine hawakufika. Kijana aliomba kitu kimoja: acheze tena kwenye ngazi ya 20, nguvu zote, lakini bila namba, na kwa sharti kwamba hataangusha mfalme mpaka afungwe. Prof alikubali. Hatua za simu zilikuwa zinahamishiwa kwenye ubao wa triplai ili wote wawili waone.

Kufika hatua ya 34, kijana alikuwa amepoteza pioni moja, na mnara wake umebanwa nyuma. Mnara wenyewe ndio ule wa kifuniko cha chupa. Alikuwa anafikiri, mikono masikioni, wakati kioo cha simu kilipokuwa cheusi. Betri ilikuwa imekwisha, na chumba cha kuchaji nacho hakikuwa na umeme.

« Basi, » kijana alisema, akanyoosha mkono kumwangusha mfalme. « Ilikuwa inashinda. »

Prof aliushika ule mkono. Akasimama, akazunguka meza, akaketi upande wa simu.

« Sasa Stockfish ni mimi. Cheza. »

Walicheza zaidi ya saa moja, mvua ikipiga mabati mpaka hawakusikiana. Prof alijaribu kila njia aliyoijua. Alikuwa na pioni moja zaidi na nafasi iliyotengenezwa na mojawapo ya wachezaji wenye nguvu kuliko mtu yeyote duniani. Hakuweza kuitumia. Alipoisukuma ile pioni, kijana aliizuia kwa mfalme wake. Alipojaribu upande mwingine, kifuniko cha chupa kikatoka nyuma, kikaanza kumsumbua. Mwishoni wafalme wawili walibaki wakitazamana, na pioni katikati yao haikuwa na pa kwenda. Sare.

Kijana aliutazama ubao kwa muda.

« Lakini, mujomba, yenyewe ingenishinda. »

« Ndiyo. Ingekushinda. Mimi nimeshindwa kukushinda. Na siku ya kwanza, kwenye masomo, anayekaa karibu nawe ni mtu kama mimi. »

Mama yake anasema tangu hapo hajasikia tena habari ya komersiale. Hajui kama jambo limekwisha. Watoto wa umri huo wanabadilika. Yeye alichokiona ni kwamba pesa za kuchaji zimepungua, na daftari limepigwa mstari mpya pembeni ya kila ukurasa. Kijana sasa anaandika mipangilio kabla ya hatua ya kwanza: ngazi, muda, wafanyakazi wangapi.

Mchezo wa siku ile ya mvua ni wa 58. Pembeni yake ameandika kwa kalamu ya bluu: « Ngazi 20. Simu ilizimika hatua ya 34. Mujomba aliendelea. Sare. Sikuangusha. »